Kuimba A mpaka Z si kuzijua herufi

SWALI: Mwanangu wa kiume ana miaka 4 na nusu. Anaimba herufi za Kiingereza mwanzo hadi mwisho bila kukosea, lakini nikimwonyesha herufi moja kitabuni haijui, na e na i anazichanganya kila mara. Nimeshabandika chati ukutani. Sasa yupo mwalimu wa tuisheni anayeniahidi kwamba baada ya wiki 2 mtoto atakuwa anasoma Kiingereza. Nimkubalie?

JIBU: Usimkubalie, mama, wala usimwone mwanao kuwa mzito. Ule ni wimbo, naye ameukariri kama anavyokariri nyimbo nyingine. Kwa mtoto wa umri wake, kile kipande cha el-em-en-o-pii ni neno moja refu, na hajui kwamba ndani yake mna herufi 5.

Kuhusu e na i, kosa si lake. Katika Kiswahili amefundishwa kwamba e ni e na i ni i. Sasa anaambiwa kwamba e inaitwa "ii", i inaitwa "ai" na a inaitwa "ei". Hivi karibuni nilimwambia binti mmoja wa darasa la awali aandike i. Aliinua penseli, akanitazama, akauliza, "Ya Kiswahili au ya Kiingereza?" Binti yule alikuwa ameng'amua jambo ambalo wazazi wengi wanaonijia bado hawajaling'amua.

Jambo lenyewe ni kwamba jina la herufi si sauti yake, na mtu husoma kwa sauti. Mtoto aliyekaririshwa majina peke yake akikutana na neno cat atatamka "sii-ei-tii", na hapo hajasoma chochote. H inaitwa echi na W inaitwa dabliu, majina ambayo hayana hata chembe ya sauti za herufi hizo. Itazame na chati yako. Kwenye G huenda pamechorwa twiga, giraffe, neno linaloanza kwa sauti ya j. Kwenye X pana xylophone, neno linaloanza kwa sauti ya z, tena ni ala ambayo yumkini mwanao hajawahi kuiona. Chati nyingi pia huandikwa kwa herufi kubwa tupu, ilhali ukurasa wa kitabu umejaa herufi ndogo.

Anzia kwenye Kiswahili, ambacho herufi zake hazibadiliki sauti ovyo. Sauti za m, s, t, b, n, l na f zinakaribiana mno katika lugha zote mbili, kwa hiyo mtoto anayeweza kusoma "mama" na "simu" tayari ana mtaji mkubwa. Mchoree s kwenye unga uliotandazwa juu ya sinia, aifuatishe kwa kidole huku akitamka "sss", wala si "esi" au "sa". Hapa kuwa makini, kwa sababu watoto wetu wamezoea silabi za ba, be, bi, bo, bu, na usipomsahihisha mapema atakusomea cat kuwa "kata". Dakika 10 kwa siku zinatosha. Akigeuza b ikawa d, mwelekeze kwa upole. Ni kawaida kwa umri huo, na fimbo haina kazi hapo.

Hao wanaoahidi wiki 2 wananikera kwa sababu wanaujua ukweli huu na bado wanauza ukariri. Kiingereza kina herufi 26 zinazobeba sauti 44 hivi, na c peke yake ni k katika cat na s katika city; hakuna njia ya mkato ya kuyapita hayo. Mzazi yeyote anayeshawishiwa na mwalimu wa namna hiyo amwombe amlete mwanafunzi wake, kisha amwandikie mtoto huyo neno fupi ambalo hakufundishwa. Nimewapima hivyo watoto wengi walioletwa kwangu baada ya tuisheni hizo. Wanasoma kwa ufasaha kabisa maneno yenye picha, lakini nikiifunika picha kwa kiganja, wananyamaza.