Vipimo nampa Papa Gregori

Wiki hii mmeuliza: kiongozi gani wa kale ungempa ofisi ya umma leo, na ofisi ipi? Mimi namtaja Papa Gregori wa Kwanza, ambaye Wakatoliki tunamwita Gregori Mkuu. Ningemkabidhi mizani na vipimo.

Wengi wanamjua kwa mahubiri, au kwa wamonaki aliowatuma Uingereza mwaka 596. Lakini kabla ya umonaki alikuwa mkuu wa jiji la Roma. Kazi za ofisi alizijua. Alipowekwa kuwa Papa, Septemba 590, mafuriko ya mto Tiber ya mwaka uliotangulia yalikuwa yameharibu maghala ya ngano ya Kanisa, tauni ilikuwa imemuua mtangulizi wake Pelagius II, na Walombardi, kabila lililokuwa limeivamia Italia, hawakuwa mbali. Kaisari alikaa Constantinople. Walaji wa Roma walitazama ngano ya mashamba ya Kanisa kule kisiwani Sicily.

Msimamizi wa mashamba hayo alikuwa Petro, shemasi mdogo (cheo kilicho chini ya shemasi). Mwaka 591 Gregori akamwandikia barua ndefu, na hiyo ndiyo iliyonifanya nimchague. Amesikia kwamba wakulima wanalazimishwa kupima ngano kwa modio, kipimo cha Kirumi cha nafaka, iliyozidi ile ya kawaida ya sekstari 16 (sekstari ni kama nusu lita). (Wakulima wetu wa viazi na vitunguu wanaijua michezo hiyo, wao huiita lumbesa: gunia kujazwa kupita kipimo.) Anaagiza kwamba hata ikizidi kawaida, modio isipite sekstari 18, ukiacha nyongeza ndogo ambayo mabaharia huichukua kwa mazoea kufidia ngano inayopungua melini. Papa mzima, anahesabu mpaka kinachopotea njiani!

Haishii hapo. Ada anayotozwa mkulima akioa isizidi solido moja, yaani sarafu moja ya dhahabu. Awamu ya kwanza ya kodi ikiwabana kabla hawajauza mazao, wakopeshwe fedha za Kanisa walipe polepole, wasiende kwa wakopeshaji wa kuwanyonya. Mfuko wa Kanisa, anasema, hataki uchafuliwe kwa faida ya aibu. Kisha anatoa agizo ambalo mabosi wengi wangelikwepa hata leo: barua alizowaandikia wakulima zisomwe katika kila shamba, nao wapewe nakala, wajue namna ya kujitetea wakionewa. Na wa kuwaonea angekuwa nani, kama si watu wake mwenyewe?

Petro naye hakusalimika. Mwaka uliofuata alimpelekea Papa wanyama wa kupanda, akajibiwa kwamba ameleta farasi mmoja mbovu na punda watano wazuri: farasi hapandiki kwa kuwa ni mbovu, na punda hawapandiki kwa kuwa ni punda.

Ila msidhani namtangaza kuwa hana doa. Wakulima hao walikuwa wamefungwa kwenye ardhi na hakuwafungua. Halafu kuna kisiwa cha Sardinia. Huko aliagiza kwamba mkulima wa Kanisa anayeng'ang'ania upagani aongezewe kodi ya shamba mpaka mzigo wenyewe umlazimishe kubatizwa. Mkono uleule uliopunguza kipimo Sicily ndio uliotia sahihi hiyo, na sioni namna ya kumtetea.

Kwa hiyo mizani nampa, na maghala nampa. Idara ya kodi mtafutieni mtu mwingine.