Waya Mwekundu Shambani Kwangu

SWALI: Shikamoo mzee. Vijana wa utafiti walitandaza waya mwekundu kuzunguka migomba yangu, wakawasha jenereta, wakapita na chombo mfano wa ungo. Sasa wamepigilia vigingi. Jirani anasema wameona dhahabu, niwahi kuchimba. Ni kweli?
Mama mkulima, Ngara

JIBU: Marahaba mwanangu. Waya huo nimeukokota miaka mingi, nakuambia ninachokijua: dhahabu hawakuiona.

Umeme hupitishwa wayani, kisha hukatwa ghafla. Hapo ndipo miamba inayopitisha umeme huamshwa, nayo ikazungusha umeme wake yenyewe. Mwamba wa kawaida huuachia mara moja. Salfaidi nzito, yaani madini ya metali iliyoungana na salfa yakiwa yamejazana pamoja, huushikilia kwa milisekunde kadhaa (sehemu za elfu za sekunde), na ule ungo husikiliza unavyofifia. Dhahabu ya kwenye mawe meupe ni chembechembe zilizoachana, haziitiki.

Huko kwenu hutafutwa zaidi nikeli. Ya Kabanga, wilayani kwenu, imo ndani ya salfaidi, chini sana, na huitika vizuri. Tatizo ni kinywe, yale madini meusi ya kwenye penseli. Nacho huitika vilevile, na miamba ya huko inacho kingi. Yalitukuta: tulichoronga, yaani tulitoboa mwamba kwa mtambo, siku nyingi tukifuata mwitikio uliotufurahisha kambi nzima. Jiwe lilipotolewa kwenye bomba lilikuwa jeusi, likanipaka viganja kama masizi ya sufuria. Kinywe kitupu. Nilikaa juu ya ndoo nikilishika, kila nikilifuta linanipaka tena. Tangu siku hiyo nilikuwa mkali: kabla ya kuchoronga, pimeni pia uzito na usumaku wa eneo, maana salfaidi ya nikeli ni nzito na mara nyingi hushikwa na sumaku, kinywe ni chepesi na sumaku haikishiki. Hata hivyo, neno la mwisho hulitoa jiwe lenyewe.

Kwa hiyo vigingi vinasema tu kwamba hapo chini kuna kitu kinachopitisha umeme. Pengine ni kinywe, pengine hata uzio wa chuma wa jirani umewachanganya.

Usichimbe, mama. Shimo la mkono halifiki huko, linaweza kukufukia, na kumiliki shamba si kuwa na leseni ya madini. Lakini migomba ni yako. Hesabu yote iliyokatwa kupisha waya, iandike leo, mtendaji wa kijiji agonge muhuri, kisha udai fidia kabla mtambo wa kuchoronga haujaingia.