Miaka 14 hatusemeshani na kaka yangu, tukae tena kikao?

Mdogo wangu, barua yako nimeisoma mara mbili na imeniuma kwelikweli. Unasema wewe na kaka yako hamsemeshani miaka 14 sasa, tangu mgawane mali za marehemu baba, vikao vitatu vyote vimeishia kwenye matusi, na sasa hivi mama anaumwa anataka awaone mmekaa pamoja, ndo unaniuliza muitishe cha nne au upotezee tu.

Kikao hapana, kwa sasa. Mnaanza na nyumba ya baba, dakika kumi tu hamko kwenye nyumba tena, mko kwenye nani alisomeshwa nani akaachwa, nani alimuuguza baba nani alikuja siku ya mazishi. Donda liko huko, na halitibiki mbele ya ukoo mzima kila mtu na upande wake.

Mwaka 1978 Sadat rais wa Misri na Begin waziri mkuu wa Israel, watu ambao nchi zao zimetoka kupigana, walikaa siku 13 Camp David, mahali pa mapumziko ya rais wa Marekani, na kila wakikutana uso kwa uso ni ugomvi mpaka Carter rais wa Marekani akaona bora awatenganishe, akawa anapeleka karatasi yeye huku na huku, zinafutwa zinaandikwa upya. Siku ya mwisho Begin anataka kuondoka, Carter akampelekea picha alizozisaini, kila moja ina jina la mjukuu wa Begin. Begin akayasoma yale majina moja moja, midomo inamtetemeka. Wakaendelea kuongea.

Na wewe tafuta mtu mmoja ambaye wote mnamwamini abebe maneno, ila asibebe habari ya nyumba, abebe ya mama: nani anampeleka kliniki, nani ananunua dawa, nani analala naye usiku. Hayo hata watu wasiopendana wanapangana. Sikwambii samehe usahau, kama ulidhulumiwa ulidhulumiwa, na mirathi ina mahakama yake, usiipeleke tu kitandani kwa mama.

Halafu kuna lile ulilolitaja mwishoni kwa haraka haraka, kwamba ulimtukana mbele ya wanae. Hilo muandikie mwenyewe, sentensi mbili, omba radhi kwa hilo tu, usiweke "lakini" hata moja. Asipojibu usimsumbue, wewe endelea na zamu yako kwa mama.