Usikubali Kuitwa Mzembe kwa Sababu ya Sindano

Juzi muuguzi mmoja, bado mgeni kazini, kaniandikia: "Dada, nimejichoma na sindano iliyotoka kwa mgonjwa. Msimamizi anasema ni uzembe wangu, naona aibu hata kutoa taarifa."

Mdogo wangu, aibu iweke pembeni. Nawa kwa sabuni na maji yanayotiririka, usikamue kidonda wala usikimwagie klorini. Kisha nenda ukapimwe, leo hii. Dawa kinga dhidi ya VVU huanzwa ndani ya saa chache, zisizidi 72, na humezwa siku 28. Uliza na habari ya homa ya ini B. Sote tunaogopa VVU, ambavyo hatari yake ni karibu watu 3 kwa kila 1,000 waliochomwa sindano yenye damu ya mwenye virusi, huku homa ya ini B kwa asiyechanjwa ikifika kati ya 6 na 30 kwa kila 100. Chanjo ipo, na bado wenzetu wanaikwepa!

Mimi lilinikuta usiku, wauguzi wawili wodi nzima. Sanduku la kutupia sindano zilizotumika lilikuwa limejaa hadi mdomoni, wakati linatakiwa kufungwa likifika robo tatu. Nililisogeza kidogo nipate pa kuweka trei, ncha iliyochomoza ikapenya glavu na kuingia kidole gumba. Asubuhi msimamizi hakuuliza kama nimenawa. Aliuliza, "Akili yako ilikuwa wapi?" Vipimo vyote vilitoka salama, lakini nikimkumbuka yule mama hadi leo napandwa na hasira. Hakuna aliyetaka kujua sanduku liliachwaje likajaa, wala kwa nini tulinunuliwa sindano zinazobaki wazi baada ya kutumika.

Ndiyo maana nasema tudai vifaa na sheria, tuachane na mahubiri ya "kuweni makini". Marekani ilipitisha sheria yake mwaka 2000: mwajiri apitie kila mwaka vifaa salama zaidi vilivyopo, aweke kumbukumbu ya majeraha, na awashirikishe wanaohudumia wagonjwa katika kuvichagua. Baada ya hapo majeraha hospitalini yalishuka kwa zaidi ya theluthi. Sidhani kama wauguzi wa kule waliamka siku moja wakawa makini zaidi. Umoja wa Ulaya ulitoa agizo lake 2010, nchi wanachama zikapewa hadi Mei 2013, na humo kurudishia kifuniko kwenye sindano kumepigwa marufuku.

Hilo la kushirikishwa nalijua utamu wake. Miaka baadaye niliingia kwenye kamati ya kuchagua sindano. Moja ilikuwa na kifuniko cha kukunja kwa mkono wa pili. Nyingine ukisukuma dawa hadi mwisho inalia "tak", springi inaivuta sindano ndani ya bomba. Watu wa manunuzi walitaka ya kwanza, bei yake ni rahisi. Tukawauliza: mkono mmoja umekandamiza pamba, wa pili umeshika bomba, kifuniko tukunje na upi? Wakanyamaza. Tulishinda, na najivunia.

Sasa wewe jaza fomu ya tukio: saa, mahali, ulikuwa unafanya nini, nani aliona. Sehemu ya aina ya kifaa wengi huiacha tupu. Ijaze, na jina lililoandikwa kwenye pakiti uliandike kama lilivyo, kisha ubaki na nakala yako.