Asali ya manuka ina nini ambacho ya Tabora haina?

SWALI: Shikamoo mzee. Niko Muscat kikazi. Mama yangu yuko Tanga, ana kisukari na kidonda mguuni kisichopona. Madukani huku kuna asali ya manuka, bei yake inatisha. Chupa moja imeandikwa MGO 100, nyingine UMF 15. Inaizidi nini asali yetu ya Tabora, na nimtumie ipi?
S.M., Muscat

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa kuuguliwa ukiwa mbali.

Manuka ni kichaka cha Nyuzilandi, na Australia pia kipo. Maua yake hudumu majuma machache tu kwa mwaka, ndiyo sababu mojawapo ya bei hiyo.

Asali yoyote safi, ya Tabora ikiwemo, huua vijidudu. Ina sukari nyingi, maji machache, na nyuki hutia kimeng'enya kinachotengeneza haidrojeni peroksaidi, dawa ileile ya kusafishia vidonda. Ila peroksaidi haistahimili joto, na ikiingia kidondoni mwili wenyewe huivunja. Miaka ya 1980, Peter Molan wa Chuo Kikuu cha Waikato aligundua kuwa manuka huendelea kuua bakteria hata peroksaidi ikiondolewa. Mwaka 2008 ndipo kikajulikana kinachofanya kazi hiyo: methiliglioksali, ndiyo hiyo MGO. Inatokana na kitu kilichomo kwenye mbochi (maji matamu) ya ua la manuka, ambacho hugeuka taratibu asali ikiwa imehifadhiwa. Hapo ndipo manuka inapojitenga na nyingine.

Chupa zako sasa. MGO na UMF ni vipimo viwili tofauti vya nguvu ya manuka, usidanganywe na ukubwa wa namba. UMF 5 ni kama MGO 83, UMF 10 ni 263, UMF 15 ni 514. Kwa hiyo ile ya 100 ndiyo dhaifu. Manuka halisi ukiichota husimama kijikoni kama jeli. Ukiikoroga hulegea, ukiiacha hushikana tena.

Lakini mwanangu, mama usimtumie hata moja. Asali inayotumika hospitalini kwenye vidonda huwa imepigwa mionzi ya gama kuua vimelea, kisha ikawekwa katika bandeji maalumu. Ya chupa ni ya kula, na inaweza kuwa na mbegu za bakteria. Ndiyo maana hata mtoto chini ya mwaka mmoja haruhusiwi kulambishwa asali. Kwa kidonda cha mguu wa kisukari, hata hiyo ya hospitali ushahidi wake bado si imara. Na akiila, itampandisha sukari kama asali nyingine yoyote.

Kidonda cha namna hiyo kikicheleweshwa, mguu hukatwa. Nakuomba pesa ya chupa iwe nauli ya kliniki ya kisukari wiki hii hii. Akifika avue viatu vyote viwili, wamkague na mguu ule usio na kidonda, hasa nyayo na katikati ya vidole.