Kitabu cha mchekeshaji kwa sista aliyetoka kwa ndoa ya vita

Nimekuelewa bro, sista yako ametoka kwa ndoa ya kupigwa, kusoma si mambo yake, na unataka kumnunulia Born a Crime, kitabu cha maisha ya Trevor Noah, mchekeshaji wa Afrika Kusini, juu umeskia inachekesha. Inachekesha kweli. Kuna pale mamake anamsukuma nje ya matatu ikienda, wametoka kanisa, na mtu wa Nairobi ataona kama ni ya ruti yake tu. Kinachoshika watu ni vile jamaa hajipambi, anakuambia aliuza CD feki na kukopesha watu mtaani, na kwamba 1984 kuzaliwa kwake tu ilikuwa ushahidi wa kosa, mama mweusi, baba mzungu wa Uswisi, na sheria ya ubaguzi huko Afrika Kusini wakati huo ilikataza.

Sasa shida iko hapa: chapta ya mwisho, baba wa kambo, baada ya miaka ya kumpiga mama, anampiga risasi kichwani. Mama anapona, hata anatoa mzaha hospitalini, lakini usimpatie sista bila kumwambia. Mwambie wazi anaweza kuiruka. Mi ningemchukulia ile ya kusikiliza, Trevor anaisoma mwenyewe na lafudhi zote, anaskiza akipika. Ukitaka ya karatasi funua kwanza kabla ulipe, hizo za kando ya barabara tao zingine ni fotokopi, kurasa zimepotea.

Na kama sista hapati usingizi usiku ama huyo bwana aliyemtoka bado anamtafuta, hapo kitabu hakitoshi, pigeni 1195, laini ya msaada Kenya kwa waliopigwa ama kudhulumiwa, ni bure, ama umtafutie kaunsela.