Mashine ya Msaada Ikifika Hospitalini, Anza na Plagi

Hospitali nyingi za Moshi na Arusha, hasa zile za mashirika ya dini, hupata baadhi ya mashine zao kwa msaada kutoka Ujerumani, Uholanzi au Marekani. Mashine hizo mara nyingi huja na maandishi yanayoonyesha kuwa zimetengenezwa kwa kufuata IEC 60601-1, kiwango cha kimataifa cha usalama wa vifaa tiba vinavyotumia umeme, ambacho kilitolewa mara ya kwanza mwaka 1977 na toleo lake la tatu likafuata mwaka 2005. Maandishi hayo ni ya kweli, ila yanaeleza mashine ilivyokuwa ilipotoka kiwandani. Hayasemi lolote kuhusu soketi ambamo itachomekwa huku kwetu, na kwa jinsi nilivyoona katika kazi yangu ya ufundi wa vifaa tiba, hatari nyingi hukaa hapo kati ya mashine na ukuta.

Plagi ya Kijerumani ina pini mbili nene za duara, na ethi yake, yaani njia ya usalama inayopeleka umeme uliovuja ardhini, hupitia vibati viwili vilivyo ubavuni. Soketi zetu zina matundu matatu bapa, na pini ya ethi inapoingia tundu la juu ndipo vifuniko vya plastiki vinavyoziba matundu mawili ya chini hufunguka. Katika wodi moja nilimkuta muuguzi akisukuma kalamu katika tundu hilo la juu ili plagi ya mashine ya kufyonza iingie. Kalamu yenyewe ilikuwa imefungwa kwa uzi kando ya soketi, kama kifaa halali cha wodi. Mashine iliwaka na kufyonza vizuri, na hapo ndipo penye mtego, kwa sababu mashine isiyo na ethi hufanya kazi sawasawa na yenye ethi.

Mashine ile ilikuwa ya Daraja la I, yaani bodi yake ya chuma hulindwa kwa kuungwa na ethi. Kihami cha ndani, yaani kile kinachozuia umeme usitoke kwenye waya, kikichakaa na waya wa moto ukagusa bodi, umeme hukimbilia ethi, fyuzi huungua na mashine huzimika. Ethi isipokuwepo, bodi hubaki na volti 230 ikimngoja atakayeigusa huku mkono wake mwingine umeshika kitanda cha chuma. Ushauri wangu ni kuikata plagi ya kigeni na kufunga ya pini tatu yenye fyuzi inayolingana na mashine, badala ya kununua zile adapta za bei rahisi ambazo nyingi hazipitishi ethi kabisa.

Baada ya kufunga plagi, pima. Kiwango cha IEC 62353, ambacho ndicho cha kufuata unapopima mashine iliyo kazini au iliyotoka kutengenezwa, kinataka ukinzani (jinsi njia inavyouzuia umeme kupita, unaopimwa kwa omu) kati ya pini ya ethi na bodi ya mashine usizidi omu 0.3 pamoja na waya wake. Mita ya kawaida ya fundi haitoshi kwa kazi hii, kwani nyaya zake zenyewe zinaweza kuwa na ukinzani unaofikia kiasi hicho, na mkondo wake ni mdogo mno kiasi kwamba waya wa ethi uliobakiwa na uzi mmoja wa shaba utaonekana mzima. Kipimo chenyewe kinatakiwa kupitisha angalau miliampea 200.

Kipimo cha pili ni cha mkondo unaovuja, maana hata mashine isiyo na hitilafu huvuja kidogo. Angalia alama iliyo karibu na mahali unapochomeka waya wa mgonjwa, inayoonyesha aina ya sehemu inayomgusa mgonjwa: mchoro wa mtu ni aina B, mtu ndani ya mraba ni BF, na moyo ndani ya mraba ni CF. Kwa B na BF, mkondo unaomfikia mgonjwa mashine ikiwa haina hitilafu haupaswi kuzidi maikroampea 100 (maikroampea ni sehemu moja ya milioni ya ampea), lakini kwa CF ni 10 tu, kwa sababu sehemu hiyo imekusudiwa kugusana na moyo moja kwa moja, ambako hakuna ngozi ya kuukinza umeme.

Ekstensheni ndizo zinazonisumbua kuliko kitu kingine chochote. Mashine nne zinazovuja maikroampea 300 kila moja, kiasi ambacho peke yake hakina tatizo, zikichomekwa kwenye ekstensheni moja ambayo ethi yake imekatika, mkondo wote wa maikroampea 1,200 hutafuta njia kupitia bodi za mashine na mtu anayezigusa. Ongezeni soketi ukutani. Gharama yake ni ndogo kuliko watu wa uhasibu wanavyodhani.

Mashine za Marekani zina shida yake. Transfoma itashusha volti 230 hadi 120, ila haitabadilisha hezi (mizunguko ya umeme kwa sekunde) 50 kuwa 60, kwa hiyo pampu nyingi zitazunguka polepole na kupata joto. Hakikisha pia kwamba ethi inapita ndani ya transfoma hiyo hadi upande wa pili.

Mwisho, andika namba yenyewe kwenye kitabu na kwenye lebo ya mashine, si neno "imefaulu" pekee. Monita iliyosoma omu 0.08 mwaka jana na 0.22 mwaka huu bado iko ndani ya kiwango, lakini waya wake unakatika taratibu, na kwa kawaida utaukuta umechoka pale unapoingia kwenye plagi, mahali ambapo watu huuvuta wanapouchomoa.